Pameoza mkukuni

Ndugu mhariri, mmeuliza wiki hii: ni filamu gani ya ujana tuliyoipenda ambayo leo haitazamiki, na je, wanetu tuwaonyeshe?

Naitaja Sixteen Candles ya mwongozaji John Hughes, ya mwaka 1984, ile ya Samantha (Molly Ringwald) anayetimiza miaka 16 na nyumba nzima ikasahau kwa pirikapirika za harusi ya dadake. Wengi hudhani ukiruka vichekesho viwili vitatu mambo yatakaa sawa. Wapi! Mafundi wa jahazi wanajua: ubao wa ubavuni ukioza hung'olewa ukatiwa mwingine, lakini mkuku, ule uti wa mgongo wa chombo?

Ubao ni Long Duk Dong, mwanafunzi mgeni kutoka Asia. Akitokea, upatu wa shaba (gong) hulia. Upatu huo ndio unaowaamrisha watazamaji wacheke, aseme asiseme.

Mkuku ni Jake, yule kijana mtanashati anayependwa na Samantha. Mpenziwe Caroline amelewa hajitambui. Jake anamkabidhi kwa mvulana mwingine ampeleke kwao, na funguo za Rolls-Royce ya babake juu, ili yeye abaki na chupi ya Samantha iliyokuwa kwa mvulana huyo. Asubuhi, garini, mvulana anamuuliza Caroline kama jana walifanya kitu. Anajibu kuwa ana hakika walifanya, tena anahisi alifurahia. Yaani ridhaa inatafutwa baada ya tendo, kwa mtu asiyekumbuka! Na kipande hicho hakikatiki: bila Caroline kuondolewa njiani, Jake hafiki kanisani na Porsche yake nyekundu kumngoja Samantha.

Mzazi asiiamini alama ya PG (mtoto atazame kwa mwongozo wa mzazi). Filamu ilitoka Mei 1984, na daraja kali zaidi la PG-13 (tahadhari kwa walio chini ya miaka 13) likaanza Julai mwaka huo huo. Mapema tu kuna msichana uchi bafuni shuleni, kwa hivyo itazameni kwanza peke yenu. Walio chini ya miaka 15 waacheni. Kwa wakubwa, simamisha pale garini, uliza swali moja: Caroline anakumbuka nini? Kisha nyamaza. Ukianza kuhutubu watashika simu zao, na haki yao.

Ringwald mwenyewe aliandika haya ya filamu za Hughes mwaka 2018 katika jarida la The New Yorker, baada ya kutazama The Breakfast Club, nyingine ya Hughes, na bintiye.

Kipande kisichooza kingalipo: usiku, baba anakumbuka na kumwomba Samantha radhi. Mkitaka kuonyesha dakika chache tu, wekeni hizo.

Msomaji, Tudor, Mombasa