Maswali yenu: kompyuta iliyosukwa kwa sindano

Juma lililopita niliwaletea kumbukumbu za wahandisi wa MIT, chuo kikuu cha teknolojia cha Marekani, waliounda kompyuta ya Apollo, mradi wa Wamarekani wa kuwapeleka watu Mwezini. Leo najibu maswali yenu.

Shikamoo mwalimu. Uliandika kwamba programu za kwenda Mwezini "zilisukwa". Ulimaanisha nini? (Morogoro)

Marahaba. Nilimaanisha kusuka kwenyewe. Katika kiwanda cha Raytheon mjini Waltham, Massachusetts, akina mama walikaa wakitazamana, katikati yao vipete vidogo vya sumaku. Mmoja anachomeka sindano yenye waya, mwenzake anaipokea ng'ambo na kuirudisha. Waya ukipita ndani ya kipete, kompyuta inasoma 1; ukipita nje, 0. Aliyemwona bibi akisuka ukili ataelewa: ukikosea, unafumua. Kwa hiyo programu ilibidi ikamilike miezi kadhaa kabla ya safari. "Maneno" 36,864 ya kompyuta, yaani vipande vidogo vya maagizo na takwimu, yalihifadhiwa hivyo. Yale yaliyoweza kuandikwa na kufutwa safarini yalikuwa 2,048 tu. Picha moja ya simu yako haienei humo. Mimi nawaheshimu akina mama hao sawa na wahandisi.

Ni kweli mtoto aliwahi kuivuruga? (Mombasa)

Kweli, kwenye majaribio. Margaret Hamilton, aliyeongoza uandishi wa programu, alikuwa akienda na binti yake mdogo maabara. Siku moja mtoto akabonyezabonyeza vitufe, akaita programu ya kabla ya kuruka, P01, wakati chombo cha kuigiza kiko "safarini". Kila kitu kikakwama. Mama akaomba aweke kinga. Akaambiwa wanaanga wamefunzwa, hawawezi kukosea hivyo. Desemba 1968, ndani ya chombo cha Apollo 8, mwanaanga Jim Lovell akabonyeza P01 ile ile, na takwimu za mahali chombo kilipo zikafutika. Ikabidi zitumwe upya kutoka duniani.

Kompyuta ilizimika Neil Armstrong akitua Mwezini? (Kigoma)

Hapana. Ilitoa tahadhari ya 1202: nimezidiwa na kazi. Rada ambayo haikuhitajika wakati ule ilikuwa inaila muda wake wa kufanya kazi. Kompyuta ikaziacha kazi ndogo, ikashika zile za kutua, kama ilivyopangiwa. Huko Houston, Marekani, kwenye kituo cha kuongozea safari, Jack Garman, kijana wa miaka 24, alikuwa na orodha ya tahadhari aliyoiandika kwa mkono. Akaiangalia, akasema waendelee.

Babu anasema Tunguu palikuwa na kituo cha anga cha Wamarekani. (Unguja)

Babu yuko sahihi. Kilikuwa cha Mercury, mradi wa kwanza wa Wamarekani wa kupeleka watu angani, uliotangulia Apollo. Mwanaanga John Glenn alipoizunguka dunia tarehe 20 Februari 1962, alizungumza na Zanzibar kwa redio. Kiliondolewa 1964, baada ya Mapinduzi. Nakuomba ukae naye jioni moja, uandike anayoyakumbuka, kisha unitumie.