Kabla hujaangusha ukuta wa sebuleni, soma hapa

Simamisha kazi. Umeandika kwamba kesho kutwa fundi anaangusha ukuta kati ya sebule na chumba cha kulia ili chini kupate mwanga, eti "ni wa kugawa tu", kagonga akasikia uwazi. Maneno hayohayo niliambiwa mimi.

Kugonga hakuthibitishi kitu. Hata wembamba wa ukuta si ushahidi. La kujua ni juu yake kumekaa nini. Wa kwetu ulibeba slabu ya ghorofa, yaani sakafu ya zege ya juu, na juu ya slabu ukuta wa chumba cha watoto uliopanda mpaka kwenye paa. Fundi aliuangusha asubuhi bila kutegemeza hata mrunda mmoja. Jioni mlango wa watoto ukawa haufungi, unakwaruza sakafu. Haikupita wiki nyufa zikaanza kwenye pembe za milango ya juu, zikipanda mshazari, mwanzo nyembamba kama unywele, baadaye ncha ya ufunguo inaingia. Kumpigia simu, anajibu, "Hiyo plasta inakauka." Plasta ya miaka yote hiyo inakauka nini? Mtu anachezea nyumba wanamolala watoto, halafu anakujibu hivyo! Mpaka leo nikikumbuka napandwa na hasira.

Injinia alipofika, kabla hata ya kukaa, alituhamisha kutoka vyumba vya juu na kuagiza vyuma vya kutegemeza. Ikafuata boriti ya chuma na vitako vya zege vya kuilaza pande zote mbili. Mzigo hautoweki ukiondoa ukuta. Unahamia kwenye ncha za boriti na kushuka mpaka msingi. Kwetu msingi wa upande mmoja haukutosha, ukachimbuliwa na kupanuliwa. Na nguvu ya zege huhesabiwa siku ya 28 baada ya kumwagwa, kwa hiyo usimruhusu mtu mwenye haraka avue vyuma vya kutegemeza mapema. Ukuta huo mmoja ulimeza pesa ya jiko na mabafu yote.

Usiguse ukuta wowote mpaka injinia wa miundo afike mwenyewe, apande juu, akague na dari, akuchoree na atie sahihi. Fundi asiyetaka kusubiri mchoro, mlipe chake aondoke.

Rangi na vigae ulivyouliza vitasubiri. Nijibu kwanza: ghorofani, moja kwa moja juu ya ukuta huo, kuna ukuta mwingine au sakafu tupu?