Nani ametoboa kombe hili?

SWALI: Dada, habari za kazi? Binti yangu anaishi Iowa, Marekani. Majuzi aliwapeleka watoto kutembea Muscatine, mji mdogo kando ya mto Mississippi. Mjukuu wangu akaokota kombe la mtoni, zito, jeupe ndani, lina matundu saba ya duara yaliyokatwa sawasawa. Amenitumia picha kwa simu, anauliza ni mdudu gani anayetoboa hivi. Nimekosa jibu. Na mji wenyewe ulianzaje?
Babu wa Watatu, Morogoro

JIBU: Shikamoo, mzee wangu. Aliyetoboa ni binadamu. Kila tundu lilitoa kifungo kimoja cha shati, na Muscatine ilikula kwa vifungo hivyo miaka mingi. Barua yako imenifurahisha mno. Mama yangu alikuwa fundi cherehani Tanga, na kopo lake la vifungo vya zamani ndilo lilikuwa mchezo wetu. Vile vya kombe tulivitambua kwa kuvigusisha mdomoni: vya plastiki havina baridi, vya kombe vina baridi ya maji ya mtungi.

Nianze na mji. Ardhi ile ilikuwa ya Wasauk na Wameskwaki, wenyeji asilia wa Marekani, hadi waliposhindwa mwaka 1832 katika vita vilivyoitwa kwa jina la kiongozi wa Wasauk, Black Hawk, na kulazimishwa kuachia ukanda mpana wa magharibi ya mto. Juni 1833 walowezi wakaruhusiwa kuingia, na mwaka huohuo pakafunguliwa kituo cha biashara pale mto unapokata kona. Meli za mvuke zilikuwa zinateketeza kuni usiku na mchana, hivyo mwenye shoka hakukosa riziki. Mji uliitwa Bloomington, ukabadilishwa kuwa Muscatine mwaka 1849.

Kuna muuza kuni mmoja ambaye nakuomba umsimulie mjukuu. Alexander Clark, Mmarekani mweusi, alifika mwaka 1842 akiwa kijana wa miaka 16. Alinyoa watu nywele, akanunua ardhi yenye miti, akaziuzia meli kuni. Binti yake Susan alipokataliwa shule ya jirani kwa sababu ya rangi yake, baba alikwenda mahakamani, na mwaka 1868 Mahakama ya Juu ya Iowa ikampa haki: mtoto mweusi asitengewe shule yake. Mahakama ya Juu ya taifa ilifika hapo miaka 86 baadaye. Clark aliishia kuwa mwakilishi wa Marekani nchini Liberia, akafia Monrovia mwaka 1891. Amezikwa Muscatine.

Baada ya kuni mji uliishi kwa magogo, yaliyoelea kutoka misitu ya kaskazini hadi kwenye viwanda vyake vya mbao. Misitu ikaisha.

Sasa kombe. Mwaka huohuo wa 1891, John Boepple, fundi wa vifungo kutoka Ujerumani, alianza kazi Muscatine. Mwaka uliotangulia Marekani ilikuwa imepandisha ushuru wa vifungo vya nje, na kome wa mtoni, yaani viumbe wanaoishi ndani ya makombe kama hilo, ambao watu walikuwa wakiwapita tu, wakageuka mali. Wavuvi waliburuta chini ya mto vyuma vyenye ndoano nyingi zisizo na chambo. Kome hukaa amejizika nusu, mdomo wazi; ndoano ikimgusa, anaubana palepale na kuvutwa nayo. Walichemshwa wafunguke, makombe yakalowekwa siku kadhaa yalainike, kisha msumeno wenye umbo la bomba ukakata duara baada ya duara. Wanawake na watoto walishona vifungo kwenye kadi, wengi majumbani mwao. Mwaka 1905 Muscatine ilitoa vifungo bilioni 1.5. Kazi ilikuwa ya vumbi na ujira mdogo. Mwaka 1911 wafanyakazi waligoma, gavana akatuma wanajeshi wa jimbo.

Kinachoniuma ni kome wenyewe. Mtoto wa kome hawezi kukua bila kujishikiza kwanza kwenye samaki, na huchukua miaka kufikia unene wa kutoa kifungo. Wakavunwa kwa tani. Serikali ilijenga kituo Fairport, karibu na hapo, kupandikiza vichanga vyao kwenye mashavu ya samaki, lakini uvunaji uliwashinda mbio. Boepple mwenyewe alifanya kazi na kituo hicho mwishoni mwa maisha yake. Alijikata mguu kwa kombe akiwa mtoni, jeraha likaingia sumu, akafariki mwaka 1912. Baadaye plastiki na zipu zikamaliza viwanda.

Mwambie mjukuu asilitupe. Mjini hapo kuna jumba la makumbusho ya vifungo hivi. Akirudi, alibebe, alinganishe matundu yake na misumeno iliyokatia.