Barua kwa mwanangu: AA ilianza barabara zikiwa bado

Mwanangu mpendwa,

Tangu ukate kadi ya AA umekuwa ukiniuliza: iweje chama cha wenye magari kianzishwe Nairobi mwaka wa 1919, wakati hata Mombasa hakukufikika kwa gari? Swali lako limenifurahisha sana.

Kilianzishwa kwa sababu hiyo hiyo. Reli ilikuwa imefika Nairobi tangu 1899, na aliyetaka kwenda pwani alipanda gari moshi. Mwenye gari lake alibaki kuzunguka mjini na mashambani. Akitoka nje ya hapo, hakujua mto upi unavukika, maji ya rejeta atayapata wapi, wala kama kuna debe la petroli mbele. Habari za namna hiyo mtu mmoja hawezi kuzikusanya. Ndipo Lionel Douglas Galton Fenzi akaanzisha Royal East African Automobile Association, ambayo ndiyo AA ya Kenya ya leo.

Mwaka wa 1926, chama kikiwa na miaka saba, yeye na Kapteni Gethin walitoka Nairobi kwa gari aina ya Riley wakafika Mombasa. Wewe njia hiyo unaimaliza kwa siku moja, hujui ilivyo chini ya lami. Udongo mweusi wa nyanda za Athi ukilowa hujaa kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. Unashuka, unaukwangua kwa panga, unasogea hatua chache, unaanza upya. Ukishapita Voi, unaingia nyika ya Taru: miiba, joto, na maji hakuna. Mimi namheshimu mtu aliyethubutu kupita huko na gari la wakati ule.

Lakini nisikufiche upande wa pili. Mwaka huo huo wa 1919, Gavana Edward Northey alitoa waraka wa kuwataka maofisa wake na machifu wawasukume Waafrika kwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya walowezi. Barabara nazo zilichimbwa kwa majembe na watu walioitwa kwa amri ya chifu, wanawake wakiwemo. Hawakuwa na magari, wala chama hakikuundwa kwa ajili yao.

Galton Fenzi amejengewa mnara wa kumbukumbu pale Kenyatta Avenue, unaoonyesha umbali wa kwenda miji mbalimbali. Jina lake limeandikwa, na anastahili. Ya waliochimba hayapo, na jambo hilo linaniuma kila nikipita.

Ukienda mjini, simama uusome. Halafu mpigie shangazi yako mkubwa, umwombe akusimulie aliyoyasikia kwa nyanya yako kuhusu kazi ya barabara. Anayakumbuka kuliko mimi.

Wako,
Baba