Milango miwili na madirisha marefu ya shule kongwe
Ndugu, umeuliza kwa nini shule kongwe ya mtaani kwenu ina milango miwili ya mbele na madirisha marefu hivyo. Milango ni rahisi: mara nyingi mmoja ulikuwa wa wavulana, mwingine wa wasichana. Chunguza juu ya fremu, huenda maandishi bado yapo chini ya rangi.

Madirisha ndiyo yenye kisa. Kabla ya umeme jua ndilo lililokuwa taa, na wasanifu walitaka mwanga uingie kushoto kwa mwanafunzi ili kivuli cha mkono wa kulia kisifunike daftari. (Wa mashoto walijijua wenyewe!) Ndiyo maana ukuta mmoja una madirisha tele na wa pili mtupu.

Umri? Usiliamini sana jiwe la ukutani lenye mwaka. Mengine huwekwa wakati wa ukarabati. Tafuta ramani za zamani na rejista za wanafunzi.