Laki Sita, Kiboksi Cheusi na Chaja ya Asha

Juzi dada mmoja wa Morogoro kaniandikia: "Kaka, nina laki tatu. Ninunue DAC gani ya hedifoni na spika?" Nimekaa na ujumbe huo siku mbili bila kujibu. Si kiburi. Kidonda hakijakauka, naye kakitonesha.

Kwa anayeanza: DAC ni kigeuzi. Muziki ulio ndani ya simu ni namba tupu, na spika haielewi namba, inaelewa umeme unaopanda na kushuka. Kati ya hivyo viwili lazima awepo mkalimani. Kila simu yenye tundu la hedifoni anaye, kila laptopu inaye, kila TV inaye. Suala ni kama wa kwako anafasiri au anaropoka.

Wangu alikuwa anaropoka. Laptopu yangu ya zamani ukichomeka hedifoni unasikia shhhh, na ukisogeza kipanya inakuja kri-kri-kri, kama panya wa darini. Mimi ni mtu wa zilipendwa. Gitaa la solo linaingia, panya naye anaingia. Nikaanza kusoma mtandaoni usiku, miezi mitatu mizima, na mtu akisoma mambo ya sauti miezi mitatu anakuwa kama kaokoka jana: kila mgeni aliyefika gheto kwangu Tabata alihubiriwa kilohezi, yaani sauti imepimwa mara elfu ngapi kwa sekunde, kabla hajapewa maji.

Zamu yangu ya mchezo ilipofika, laki sita, sikulipa deni la mtu. Nilishuka Kariakoo nikarudi na DAC yangu, kiboksi cheusi, kizito, kimeandikwa kilohezi 768 na biti 32, biti zikiwa ni usahihi wa kila kipimo. Muuzaji alisema hicho ni cha studio. Nikachomeka hedifoni: kimya. Panya kafa. Machozi yalinilengalenga, sitaki kuwadanganya.

Kisha nikaunganisha spika za mezani. Mmmmmmm. Mlio mzito usiokoma, hata nikisimamisha wimbo. Nikarudi dukani, nikaambiwa umeme wa kwetu mchafu, ninunue waya mnene wa shaba. Elfu arobaini. Mmmmmmm. Nikarudi tena, nikaambiwa spika zangu hazina hadhi ya kifaa kile. Na mimi, msomi wa miezi mitatu, nikaanza kupiga hesabu za spika mpya.

Aliyeniokoa ni mdogo wangu Asha, tena bila kukusudia. Aliingia, akachomoa chaja ya laptopu kwenye ekstensheni ili achaji simu yake. Mlio ukakatika papo hapo. "Asha, rudisha." Mmmmmmm. "Chomoa." Kimya. Chaja ina pini tatu, spika zina pini tatu. Ethi zao, yaani nyaya za kwenda ardhini, zimekutana ukutani, zikakutana tena kupitia waya wa USB na waya wa spika, basi hapo ni duara, na mkondo mdogo wa umeme wa nyumbani unazunguka humo ukiimba. DAC haikuwa na kosa, wala haikuwa na dawa. Dawa ilikuwa kusikiliza kwa betri. Baadaye nikapata kikopo kidogo cha kutenga ethi, kinakaa katikati ya waya wa spika, bei yake haifiki hata ya ule waya wa shaba.

Lakini kinachoniuma hasa ni kilichofuata. Asha huyo huyo akaja na adapta ya hedifoni ya Apple, ile nyeupe ya USB-C yenye DAC ndani, ambayo Marekani huuzwa dola 9. "Kaka, funga macho." Akapiga wimbo mmoja mara kumi, akibadilisha anavyotaka, mimi nitaje kinachocheza. Nikapatia mara tisa! Nilitamba, nikampa na mhadhara juu ya ubora. Fundi redio wa jirani, aliyekuwa anakunywa chai mlangoni, akauliza tu: "Ukubwa wa sauti unalingana?" Akaleta mita yake, tukapiga mlio mmoja wa hezi 100, akapima volti za huku na za kule. Kiboksi changu kilikuwa kinatoa nyingi zaidi. Sikio letu likikutana na chenye sauti kubwa kidogo, linasema ndicho kitamu. Tukalinganisha, tukarudia. Nikapatia mara tano. Ningerusha sarafu ningepata hizo hizo. Asha kashaisimulia habari hii kwenye harusi mbili.

Sasa nisikilizeni, maana nimelipia haki ya kusema. Namba kubwa za kwenye boksi zisikutoe udenda. CD ilipoingia sokoni mwaka 1982 ilikuja na kilohezi 44.1 na biti 16, na hizo zinatosha, kwa sababu upimaji huo unabeba mitetemo ya sauti hadi nusu yake, kama kilohezi 22, na sikio la kijana mzima linaishia karibu na kilohezi 20, na letu sisi watu wazima linaishia chini ya hapo. Wimbo wa miaka ya 1970 ulionakiliwa kutoka tepu, hata ukiupitisha kwenye 768, tepu ni ile ile.

Hedifoni za Bluetooth zina DAC yao ndani. Usizinunulie nyingine.

Za waya, zigeuze utafute omu, yaani ukinzani wake kwa umeme: zikiwa nyingi, kwa kawaida hedifoni hudai volti zaidi. Beyerdynamic DT 770 Pro, kwa mfano, zimeuzwa za omu 32, za 80 na za 250, na kwa mbali ni mapacha. Za 32 hata simu inazimudu. Za 250 ukizichomeka kwenye adapta ndogo zinanong'ona, nawe utailaumu DAC wakati unachokosa ni amplifaya. Za kwangu zina omu 38, ndiyo maana kiadapta kile kilinidhalilisha vizuri. Na yale matundu mekundu na meupe ya nyuma ya DAC hutoa kama volti 2 tu, za kupeleka kwenye amplifaya au spika zenye umeme wake. Spika tupu haisukumwi na hizo.

Adapta za barabarani: nyingine hazina DAC ndani, ni waya mtupu, zinafanya kazi kwenye simu chache zinazotoa sauti iliyokwisha kugeuzwa. Hata ile ya Apple, kwenye Android nyingi sauti inabaki chini. Nenda na simu yako, jaribu kaunta.

Wenye TV na sabufa, kiboksi cha DAC cha bei ndogo, cha waya wa optiko (ule unaopitisha mwanga), kinatosha. Kikikaa kimya au kikitoa makelele, usikimbilie kugombana dukani: ingia kwenye mpangilio wa sauti wa TV, weka PCM, yaani sauti ya namba isiyofumbwa. Kuna uwezekano mkubwa TV inatuma Dolby, sauti iliyofumbwa, na kiboksi hakiijui lugha hiyo.

Dada wa Morogoro, leo usiku chomoa chaja ya laptopu usikilize, kisha soma omu za hedifoni zako uniandikie. Na ukiona bado roho inataka kiboksi cheusi kizito, changu kipo, kimetunzwa, na boksi lake lipo. Bei tutaongea, ila usipitie kwa Asha.