Rupia Yangu ya Kwanza Ilikuwa na Gramu 9.4

Mdogo wangu unayeanza kukusanya sarafu hapa Dodoma, ngoja nikueleze kwanza nilivyopigwa. Nilikuwa na miezi miwili tu katika mambo haya. Kijana mmoja alinijia kibandani, pembeni ya soko la Majengo, akafungua kitambaa akanionyesha rupia ya Mjerumani ya mwaka 1890: Kaiser na kofia yake ya vita, juu yake tai. Akasema imetoka kwenye chungu kilichofukuliwa karibu na boma la zamani huko Mpwapwa, na kwamba babu yake ndiye aliyeonyeshwa mahali. Niliisikiliza ile hadithi kwa makini kuliko nilivyoitazama sarafu. Nikatoa laki moja na themanini. Wiki iliyofuata nilipita kwa sonara kwa shughuli nyingine, nikaitoa mfukoni kwa kujigamba. Akaiweka kwenye mizani: gramu 9.4. Rupia ya kweli ina gramu 11.66. Sonara hakusema neno, alinitazama tu kama mtu amtazamavyo mfiwa.

Hadithi kama ile hunoga hapa kwetu kwa sababu ina chembe ya ukweli. Reli ya Kati ilifika Dodoma mwaka 1910, Tabora 1912, Kigoma 1914. Vibarua walilipwa kwa rupia na heller, na kodi ikadaiwa kwa hizo hizo. Hata neno hela tunalolitamka kila siku ni heller ya Mjerumani. Tangu 1904 rupia moja ilikuwa heller 100, na kabla ya hapo ilikuwa sarafu ndogo 64 zilizoitwa pesa. Kwa hiyo sarafu hizo zipo kweli vijijini, kwenye makopo ya vifungo na kwenye shanga za bibi zetu. Ila zilizopo nyingi ni heller za shaba nyekundu zilizochakaa. Chungu kilichojaa rupia nimekisikia mara nyingi sana. Sijawahi kukiona hata kimoja, na wanaokisimulia nao walisimuliwa.

Basi nunua mizani kabla ya kununua sarafu. Ile midogo ya kielektroniki inayosoma sehemu ya mia ya gramu, kama ya masonara, haina bei ya kutisha. Rupia iliyotembea sana mikononi hupungua kidogo, itasoma 11.5, labda 11.4. Haishuki hadi 9. Na ikizidi 11.66 kwa kiasi cha kuonekana, hiyo pia usiichekee.

Uzito peke yake mtu anaweza kuuiga, ndiyo maana kipimo cha maji ndicho ninachokiamini zaidi, na ni cha bure. Weka glasi ya maji juu ya mizani, bonyeza isome sifuri. Funga sarafu kwa uzi mwembamba, izamishe ikiwa imening'inia, isiguse chini wala pembeni. Mizani itasoma uzito wa maji yaliyosukumwa. Rupia ya Mjerumani ni fedha ya asilimia 91.7, hivyo ile ya gramu 11.66 itasoma karibu na 1.13. Ikiwa ni shaba iliyochanganywa na nikeli yenye uzito huo huo, itasoma kama 1.31, na shaba njano itapita hapo. Nilipoipima ile yangu kwa njia hii sikuwa na haja ya kuuliza mtu tena. Sumaku beba, maana haina uzito mfukoni, lakini usiitegemee: fedha haivutwi, na shaba nayo haivutwi. Sumaku hukamata matapeli wavivu tu.

Halafu tazama ukingo. Sarafu ya kweli imegongwa kwa mashine, mistari ya ukingoni imesimama sawasawa. Ya kuyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu huwa na mshono unaozunguka ukingo, au umepigwa tupa kuuficha, na usoni ina vishimo vidogo kama ngozi ya chungwa. Kioo cha kukuzia kitakuonyesha. Simu nayo inatosha ukivuta picha karibu.

Kuna sarafu moja inayovunja kanuni hiyo, na ni ya upande wetu huu. Mwaka 1916, Waingereza walipokuwa wamefunga njia za baharini, Wajerumani waliishiwa sarafu wakaanza kuzitengeneza wenyewe Tabora, kwenye karakana ya reli. Zile za heller 20 za shaba, nyekundu na njano, zilitoka mbaya mbaya: herufi hazikukaa, taji limekaa upande, nyingine zina nyufa. Chini ya mwaka utaona herufi T. Mgeni huzikataa akidhani ni feki, na mwenye macho humwokotea. Ya dhahabu ni habari nyingine. Hiyo ni ya rupia 15, ina tembo, na dhahabu yake ilitoka machimbo ya Sekenke, huko Iramba mkoani Singida. Zilitengenezwa 16,198 tu, kila moja gramu 7.168. Nilishaitwa Manyoni kuiona moja, nikasafiri, nikapelekwa kwenye chumba cha gesti chenye pazia limefungwa mchana kweupe. Nikatoa mizani. Ikasoma 5.2. Mwenyeji wangu akasema mizani yangu ni mbovu, nami nikamwambia inawezekana, nikaaga. Nauli iliniuma, lakini si kama laki moja na themanini.

Ukishaingia humu utapigiwa simu za rupia "yenye nguvu", inayovuta mchele au kuzima tochi, na mnunuzi kutoka nje anayesubiri Dar es Salaam na mamilioni. Kinachotakiwa kwako ni mchango mdogo wa dawa au wa mtaalamu wa kupima. Huo si ukusanyaji wa sarafu. Usijibu hata salamu.

Uanzie wapi? Anza na zinazopatikana kirahisi, maana ukikosea hasara yake ni ya soda. Zile za shilingi ya Afrika Mashariki zilianza mwaka 1921: simba na milima nyuma yake, upande wa pili mfalme. Senti 1, 5 na 10 zina tundu katikati, kwa hiyo hazina kichwa cha mfalme. Jifunze kwa hizi jambo moja lenye faida: shilingi za simba za 1921 hadi 1946 zina robo ya fedha ndani, na kuanzia 1948 ni shaba na nikeli tupu. Ziweke pembeni mwa nyingine utaona, ya zamani ina weupe wa maziwa yaliyolala, ya baadaye ina ubaridi wa kijiko. Macho yako yatazoea hapo bila ada kubwa.

Kwenye hizo hizo utakutana na senti 10 ya mwaka 1936 yenye jina la Edward VIII, mfalme aliyekaa kwenye kiti chini ya mwaka mmoja akajiuzulu. Muuzaji mwenye intaneti atakwambia ni adimu duniani. Mfalme ndiye adimu. Senti zake zilitengenezwa nyingi sana. Mimi nimezikuta tatu ndani ya kopo moja la maziwa la mama mmoja wa Kongwa, na kwa zote tatu alitaka bei ya kilo ya sukari. Ndivyo ilivyo na ile reale kubwa ya Maria Theresa, malkia wa Austria, iliyotumika sana katika biashara ya pwani: zote zimeandikwa 1780, hata zilizogongwa karne ya 20. Mwaka ulioandikwa kwenye sarafu na umri wake ni vitu viwili.

Za kwetu wenyewe watu huzidharau, na hapo ndipo napenda kumwona anayeanza. Za mwaka 1966, za kwanza za Benki Kuu, zina Nyerere upande mmoja; upande wa pili senti 5 ina samaki, senti 20 mbuni, sumni, yaani senti 50, ina sungura, na shilingi ina mkono ulioshika mwenge, ambao ndio bado tunautaja tukirusha sarafu: kichwa au mwenge? Ongeza shilingi tano yenye pembe kumi, ile dala iliyoyapa mabasi yetu jina. Tafuta zilizo safi, sungura akiwa na manyoya yake, usikubali zilizosagika. Sumni moja isiyo na mkwaruzo naiheshimu kuliko rupia iliyochomelewa kikuku. Rupia za namna hiyo ni nyingi huku, kwa kuwa wazee walizivaa. Geuza uone kama kuna alama ya risasi ya kuchomelea au tundu lililozibwa, kisha shusha bei bila aibu.

Usizisugue. Nilichukua heller ya 1906 iliyokuwa na rangi ya kahawia nzuri kabisa, nikaipiga ndimu na majivu kama sufuria ya pilau. Iling'aa siku mbili. Baada ya hapo ikawa ya waridi, kama ngozi iliyoungua maji ya moto, na aliyekuwa ameniahidi elfu ishirini aliitazama akanirudishia mkononi. Kama ina udongo, iloweke kwenye maji safi, ikaushe kwa kuibana na kitambaa laini, basi. Zihifadhi kwenye bahasha ndogo za karatasi, si kwenye nailoni laini inayotoa mafuta na kuacha ukungu wa kijani. Katika hili sisi tumependelewa: ukame wa Dodoma tunaoulalamikia miezi saba ni rafiki wa shaba. Jamaa zangu wa Tanga wanapigana na chumvi ya bahari kila wiki.

Ukiletewa sarafu za shaba za masultani wa Kilwa, au kitu chochote cha kufukuliwa cha umri huo, weka mikono nyuma. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inavilinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863. Mwambie aliyeleta avipeleke kunakohusika.

Nunua mchana, mahali penye watu, na andika daftarini jina la muuzaji, tarehe, bei na gramu. Ukiuza, tegemea kupata pungufu ya ulichotoa, maana wanunuzi hapa mjini tunahesabika.

Ile rupia ya 1890 bado ninayo, ipo kwenye droo pamoja na mizani. Anayekuja kibandani kuniomba nimfundishe nampa aishike, nanyamaza, nangoja aniambie mwenyewe ina kasoro gani.